Neno "run" limejaa ukurasa mzima wa ripoti ya kisima. Maana yake hasa ni ipi?

#1 Mchotamaji

Wakuu, mbukwenyi.

Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji kijijini kwetu, huku Bahi. Wataalamu waliokuja kupima kisima wametuletea ripoti, yote Kiingereza kitupu, na mkutano mkuu wa kijiji ni Jumamosi. Mwenyekiti kanitupia mimi niisome kwa Kiswahili kwa vile nilifika kidato cha nne. Nimekwama ukurasa wa tatu kwa ajili ya neno moja tu: "run". Shuleni tuliambiwa ni kukimbia, tukafunga daftari.

Sasa oneni wenyewe. Mto Bubu "runs" wakati wa masika. Visima vifupi "run dry" kuanzia Agosti. Pampu "runs on diesel". Bomba kuu "runs along the road". Kamati "runs the scheme". Fedha za awamu ya kwanza "ran out". Mkataba wa fundi "runs for two years". Ukarabati "will run to" mamilioni kadhaa. Na mwisho kabisa eti wata-"run tests" kabla ya kukabidhi.

Yaani mto unakimbia, pampu inakimbia, kamati inakimbia, fedha zimekimbia. Nikisoma hivyo mbele ya wazee wataniuliza fedha zimekimbia na nani.

Waingereza waliishiwa maneno, au kuna maana moja imejificha chini ya zote hizi? Wajuzi karibuni.

#2 Dereva wa Kizota

Nimekaa siti ya mbele. Hiyo ya fedha usiiguse, mkuu, isome hivyo hivyo.

#3 Ticha Mstaafu

Kijana, umeshtuka mapema. Neno lenye maana nyingi kuliko yote katika Kiingereza ni "set", wala si "run". Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 2 la mwaka 1989, imelipa "set" maana 430. Nimefundisha Kiingereza Kongwa hadi nikastaafu na hili nilikuwa nalisema kila mwaka. Kwa hiyo "run" ni neno la kawaida tu. Soma kinachofuata baada yake, maana itajileta yenyewe.

#4 Kipanga wa UDOM

Shikamoo mwalimu. Hiyo 430 ni ya 1989. Wahariri wa Oxford waliporudi kuipitia upya herufi R, mmoja wao, Peter Gilliver, alikaa na "run" miezi tisa. Alipomaliza ilikuwa na maana 645, na hapo ni kama kitenzi peke yake, hajagusa "run" ya jina. Habari hizi zilitoka 2011.

Na ubingwa wenyewe umekuwa ukihama. Kwenye kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 neno lililochukua kurasa nyingi lilikuwa "take", maana 134. Kila zama na bingwa wake.

#5 Ticha Mstaafu

Marahaba. Sasa hizo 645 Mchotamaji azipeleke wapi? Yeye ana ukurasa mmoja na mkutano Jumamosi.

#6 Fundi Pampu

Tuache ubingwa, tumsaidie mtu. Mimi hizi ripoti nazisoma kila wiki, lugha yao ni moja. Chukua:

Mto "runs": unapitisha maji, au unatiririka. Bubu ni mto wa msimu, kwa hiyo kwa watu wa Bahi sema tu "mto unashuka masika" na kila mtu atakuelewa, maana wanauona unavyomwaga kule bwawani. Kisima "runs dry": kinakauka. Pampu "runs on diesel": inatumia dizeli. Bomba "runs along": limelazwa kando ya barabara. Fedha "ran out": zimekwisha, au tumeishiwa. Mkataba "runs for two years": ni wa miaka 2. Gharama "run to": zinafika. "Run tests": watapima maji, na waulize kama watapima chumvi na floridi, kwa sababu ukanda wetu huu mpaka Singida floridi ni tatizo, ndiyo inayowaachia watoto meno ya kahawia.

Umeona? Maneno manane ya Kiswahili kwa neno moja lao, na hakuna hata moja linalokimbia.

Kamati "runs the scheme" nimeiruka makusudi. Hiyo ina mgogoro.

#7 Mchotamaji

Fundi, Mungu akuzidishie. Lakini ukurasa wa tano kuna hii: "a dry run will be carried out in September". Na juu yake kidogo wameandika pampu isiachwe "running dry". Sasa hiyo ya Septemba wanataka kuiendesha kavu au hawataki?

#8 Fundi Pampu

Hahaha, hapo wengi wanaungua, na pampu nazo zinaungua.

Pampu ya kuzamisha inapozwa na maji yale yale inayoyavuta, na beringi zake zinalainishwa na hayo hayo. Maji yakishuka chini yake ikaendelea kuzunguka, inapata joto, sili zinaondoka, mota inafuata. Ndiyo maana tunaweka kile kifaa cha kuizima yenyewe maji yakipungua. Huko ndiko "running dry", na ni marufuku.

"A dry run" ni kitu kingine kabisa. Ni jaribio kabla ya kazi yenyewe. Septemba watakuja kupitia taratibu zote na mhudumu wa pampu: nani anawasha, nani anaandika mita, nani anapokea hela. Pampu inaweza ikawa na maji tele siku hiyo na bado ikaitwa "dry run".

#9 Bint Kondoa

Naongezea hapo. Nimesoma kwamba "dry run" ilitoka kwa vikosi vya zimamoto Marekani karne ya 19. Walikuwa wanafanya mashindano na mazoezi ya kukimbiza gari la mipira na ngazi bila kufungulia maji. Mbio kavu. Ndiyo ikawa jaribio.

#10 Mzee wa Texas

Dada, kuna upande wa pili. Nimekaa kule muda, na Wamarekani wa mashariki "run" wanaita kijito. Ramani zao zimejaa majina hayo. Vile vita vyao vya Bull Run, Julai 1861 na tena Agosti 1862, jina ni la kijito cha Virginia tu. Hakuna fahali aliyekimbia. Na "Dry Run" ni jina la sehemu kadhaa kule, yaani korongo kavu, kama makorongo yetu haya ya Dodoma yanayongoja mvua. Wapo wanaosema msemo umetokea huko.

#11 Bint Kondoa

Korongo kavu na jaribio vinaingilianaje sasa? Zimamoto inaeleweka, korongo halieleweki.

#12 Mzee wa Texas

Mimi nimeleta ninachokijua. Kuelewa ni juu yako, mwanangu.

#13 Nesi Mama Zabibu

Jamani mnazunguka kote huko mnaiacha ya hospitali. Kituo nilichokuwa nafanya kazi alikuja mama mmoja mgeni, Mwingereza, na mtoto wake. Akamwambia mwenzangu wa mapokezi "he's had the runs since last night". Mwenzangu akaandika kwenye kadi: mtoto anakimbia usiku. Daktari akaanza kuuliza mambo ya ndoto mbaya na kutembea usingizini, kumbe mtoto anaharisha, midomo imekauka na macho yamezama.

Hapa kwetu tukizungumza Kiingereza tunasema "running stomach", Mwingereza akiisikia anashangaa. Pua nayo wao ni "runny nose", sisi "running nose". Na homa, "running a temperature". Mwili mzima unakimbia.

Lakini kabla hatujawacheka, sisi wenyewe tunasemaje? Tumbo linaendesha. Mtoto anaendesha tangu jana. Na kuendesha ndiyo hiyo hiyo ya gari, kikao, kesi, biashara. Kwa hiyo wote tumefika sehemu moja, wao na "run" yao, sisi na "endesha" yetu. Waliambiana na nani?

#14 Dereva wa Kizota

Ndiyo maana nikiulizwa kazi yangu nasema naendesha GARI, nalitaja kabisa. Ukiishia "naendesha" watu wanakuletea chumvi na sukari.

#15 Kipanga wa UDOM

Hoja ya mama Nesi ni nzito kuliko anavyodhani. Tazameni ukoo wa neno lenyewe. Kiingereza cha kale kilikuwa na "rinnan" na ndugu zake, likachanganyika na neno la watu wa kaskazini, Wanorse, linalofanana nalo. Wajerumani wao wamebaki na maneno mawili mpaka leo: "rennen", kukimbia, na "rinnen", kutiririka. Kiingereza kimeyakunja yote kwenye "run".

Kwa hiyo Mchotamaji, jibu la swali lako la maana iliyojificha: ni maji. Mto, pua, tumbo, bomba la maji lililofunguliwa, vyote ni kutiririka. Kutoka hapo unapata kitu chochote kinachokwenda mfululizo bila kukatika: barabara, ukuta, mkataba, muda. Miguu ni mpangaji tu kwenye nyumba ya maji.

#16 Mama Vitenge Majengo

Na rangi! Kitenge kikichuja wanasema "the colours run". Nililetewa mzigo wa mabegi yameandikwa kwa ndani "colours may run", nikauza, wateja wakarudi na mashuka ya pinki. Maji tena hayo, naunga mkono hoja.

Ila soksi ndefu za kina dada zikichanika mstari, Mmarekani anasema zina "run". Hapo maji yako wapi, Kipanga? Mwingereza anaita ngazi, angalau ngazi naiona.

#17 Kipanga wa UDOM

Uzi unafumuka mfululizo, mama. Unatiririka.

#18 Mama Vitenge Majengo

Mnaojua vitu hamshindwi kamwe.

#19 Reli ya Kati

Mimi sikubaliani na hadithi ya maji. Ingekuwa maji, neno lingekuwa na maana mia sita tangu zamani za mababu zao. Halikuwa nazo. Lililolinenepesha ni mashine. Viwanda vilipoanza, kila kitu kipya kilichozunguka kilihitaji kitenzi, wakachukua kilichokuwepo. Kinu kina-"run", treni ina-"run", saa ina-"run", injini, gazeti linapochapwa, mpaka programu ya kompyuta. Toa mashine uone zitabaki ngapi.

Sisi mashine zilitukuta tumeshika neno jingine. Wajerumani walianza kujenga reli Dar es Salaam 1905, ikafika hapa Dodoma 1910, Kigoma 1914. Wazee waliiona ile kitu inapita, wakasemaje? Treni inatembea. Mpaka leo: leo treni haitembei, mvua imekata reli Gulwe. Saa yangu haitembei. Mashine ya kusaga inatembea. Gari linatembea vizuri. Hatukimbizi mashine sisi, tunaitembeza. Hata hii ya SGR iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma Julai 2024, pamoja na kasi yake yote, bado tunaulizana "leo inatembea?"

#20 Dereva wa Kizota

Sasa ndiyo najua kwa nini wenzetu wanafika mapema.

#21 Jirani wa Kigoma

Kifaransa pia mashine inatembea. Ndugu zetu wa Burundi wakiwasha jenereta wanasema "ça marche", na "marcher" ni kutembea. Kwa hiyo Mfaransa na Mswahili wanatembea, Mwingereza anakimbia, na mota ni ile ile ya Mchina.

Hoja ya mashine naiona ina nguvu, lakini haielezi kwa nini walichagua kukimbia. Kutembea kulikuwepo.

#22 Wakili Uhindini

Ngoja niwaletee za mahakamani, huko ndiko neno hili linakoumiza watu.

Mtu ametiwa hatiani kwa makosa mawili, kila kosa miaka 5, na hukumu inasema "sentences to run concurrently". Maana yake anatumikia vyote kwa wakati mmoja, anatoka baada ya 5. Ikisomwa "consecutively", kimoja kinasubiri kingine kiishe, ni 10. Nimeona familia nje ya mahakama inalia miaka 10 wakati mtu wao amepewa 5. Karani alikuwa amewatafsiria kwamba vifungo "vinakimbizana". Sema vinakwenda sambamba, au vitatumikiwa kwa pamoja.

Ya pili ni muda wa rufaa. "Time begins to run" maana yake siku zimeanza kuhesabika. Mteja anadhani ana muda, kumbe muda umeshaondoka.

Ya tatu ni ya watu wa viwanja, na Dodoma sasa hivi kila mtu ni mtu wa viwanja. Kuna masharti ambayo wanasheria wa Kiingereza wanasema "run with the land". Hayakimbii na ardhi. Yanaifuata ardhi popote inapokwenda: ukimuuzia mwingine, naye akamuuzia mwingine, sharti liko pale pale. Hati yako iwe ya miaka 33, 66 au 99, soma masharti kabla hujasoma bei.

#23 Mpenda Siasa

Wakili ameacha ya Bungeni, na sisi ndio tunaoishi mlangoni mwa Bunge. Mmarekani "runs for office", Mwingereza "stands". Mmoja anakimbia, mwingine anasimama, kiti ni kile kile. Sisi tunagombea. Neno letu ndilo lenye ukweli, kwa sababu kwenye kugombea lazima kuna wa kugombana naye.

Na waandishi wetu wanachanganya "run-off" na "re-run" kila uchaguzi. "Run-off" ni duru ya pili, wawili wa juu wanarudiana kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu. Katiba ya Kenya inayo kwa urais, sisi anayeongoza kwa kura ndiye mshindi. "Re-run" ni uchaguzi wa marudio, kama Zanzibar 20 Machi 2016 baada ya ule wa Oktoba 2015 kufutwa.

#24 Fundi Pampu

Na "run-off" ya kwetu ni maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi bila kuzama. Mchotamaji ukiikuta ukurasa wa nne usiwaambie wazee kuna duru ya pili.

#25 Mnyaturu Original

Uzi wa kukimbia umefika huku chini na hakuna aliyemtaja Simbu. Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, dhahabu ya dunia ya marathoni, Tokyo, Septemba 2025. Saa 2:09:48, na Mjerumani wa pili naye kaandikiwa 2:09:48 hiyo hiyo, wakatenganishwa kwa picha ya mwisho. Hiyo ndiyo "run". Nyingine zote mlizoleta ni maneno.

#26 Dereva wa Kizota

Heshima kwa Simbu. Ila na sisi tuna mbio ambazo watu hawakimbii. Mbio za Mwenge. Wakimbiza Mwenge ninaowaona mimi wanashuka kwenye Land Cruiser, wanapungia watu, wanapanda. Mwingereza akija na kamusi yake mkononi atatafuta jasho.

#27 Bint Kondoa

Kwenye kriketi ni hivyo hivyo kaka. Mpigaji akipeleka mpira nje ya mstari anapewa "runs" 4, ukivuka bila kugusa chini 6, na hajainua mguu. Wahindi wa mjini walikuwa wananieleza hii nikidhani wananitania.

#28 Ticha Mstaafu

Nimewaacha mcheze, sasa nirudi. Maji, mashine, yote sawa. Lakini mnasahau kwamba hesabu ya 645 ni ya mtengeneza kamusi, siyo ya neno. Yeye ndiye anayeamua wapi pa kukata. Mto unaotiririka na bomba linalotiririka, ni maana moja au mbili? Akitaka mbili anaandika mbili.

Mpeni huyo Gilliver neno letu "piga" aone. Piga simu, piga picha, piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga chafya, piga magoti, piga kura, piga bao, piga porojo, piga chini. Ukimaliza mpe "kata". Kata tiketi, kata rufaa, kata tamaa, kata kona, kata roho, kata maji ya wale wa jioni. Na hapo hujafika kata yenyewe ya diwani, wala kata ya kuchotea maji mtungini. Miezi tisa isingemtosha. Sisi hatuna maana chache, tuna wahesabuji wachache.

#29 Kipanga wa UDOM

Mwalimu, kwa heshima, "piga" si mfano mzuri. Kwenye "piga pasi" kazi yote anaifanya pasi, piga anashika mlango tu. Hata piga asipokuwepo, ukisema "pasi" nimeshaelewa. "Run" inasimama yenyewe: "the river runs", inatosha, hakuna jina linaloisaidia. Na Kiswahili kinapotaka maana mpya mara nyingi kinanyumbua: kimbia, kimbiza, kimbilia, mkimbizi. Enda, endea, endesha, endelea. Kazi inayofanywa na viambishi vyetu ndiyo ambayo Kiingereza kinaibebesha "run" pamoja na vile vijineno vya nyuma, "out", "into", "over", "down".

#30 Ticha Mstaafu

Na "kata kona"? Kona inafanya kazi gani hapo?

#31 Kipanga wa UDOM

Hiyo nitairudia.

#32 Reli ya Kati

Tunangoja.

#33 Mhasibu Area D

Vijineno vya nyuma ni hatari kuliko neno. "I ran into your brother" ni nimekutana naye kwa bahati. "I ran over your brother" ni polisi. "I ran over your report" ni nimeipitia haraka.

Na kwetu benki, "run" ikitajwa watu wanashusha sauti. Ni pale wateja wote wanapokimbilia kutoa hela kwa mpigo. Northern Rock ya Uingereza, Septemba 2007, foleni mpaka barabarani. Silicon Valley Bank, Machi 2023, hakukuwa na foleni, watu walibonyeza simu tu, na maombi ya kutoa yakafika dola bilioni 42 kwa siku moja. Hapo miguu ilikuwepo zamani, sasa hivi ni vidole, neno limebaki.

#34 Mchotamaji

Nashukuruni wote, nimesoma mpaka mwisho, mengine nimecheka peke yangu ofisini. Rasimu imekamilika isipokuwa ile aliyoiruka Fundi: "the committee runs the scheme, the village owns it". Nimeandika "kamati inaendesha mradi, kijiji kinaumiliki". Mwenyekiti anataka "kamati inasimamia". Kuna tofauti?

#35 Fundi Pampu

Ipo kubwa. Mhudumu wa pampu ndiye watu wanayemwita mwendesha mtambo. Ukisema kamati inaendesha, kesho pampu ikizima saa nane usiku watamwamsha mjumbe wa kamati. Weka "inasimamia".

#36 Wakili Uhindini

Mimi ningekataa "inasimamia". Msimamizi anaangalia kazi ya mwingine. Ikitokea hasara kamati itasema sisi tulikuwa tunasimamia tu. Neno lao limebeba kazi ya kila siku na wajibu wake. "Inaendesha" iko karibu zaidi.

#37 Nesi Mama Zabibu

Iko karibu, ila uiandike "inaendesha mradi". Usije ukafupisha mkutanoni ukasema kamati inaendesha, halafu ajenda inayofuata ni usalama wa maji.

#38 Mchotamaji

Nimeandika "inaendesha na kusimamia" tuondoe ugomvi.

#39 Wakili Uhindini

Hapo umewapa kazi mbili wakati ripoti imewapa moja. Toa mojawapo.

#40 Fundi Pampu

Wakati mnavutana, angalia mbele kama kuna "running costs". Hizo ni gharama za uendeshaji: dizeli, vipuri, mlinzi, posho ya mhudumu. Mkutano utakwama hapo, siyo kwenye "inasimamia". Wanazisema?

#41 Mchotamaji

Zipo, ukurasa wa saba. Wameandika zitalipwa na "users". Hilo neno nalijua.